Mizani Isiyo na Sauti: Wakamba katika Kitabu cha Caroline Elkins

Makala haya yanachunguza nafasi ya Wakamba katika Imperial Reckoning, kitabu cha Caroline Elkins kilichochapishwa mwaka 2005 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006. Yanadai kwamba mbinu iliyokipa kitabu hicho uzito wake, yaani kuwasikiliza walioteswa, haikufikishwa kwa jirani aliyeishi katika mkasa huohuo.

Elkins anasimulia Hali ya Hatari nchini Kenya, 1952 hadi 1960. Kwa kuwa nyaraka nyingi za kikoloni ziliteketezwa kabla ya uhuru, alikusanya masimulizi ya wazee, wake kwa waume, waliopitia makambi na vijiji vya kulazimishwa. David Anderson, katika Histories of the Hanged (2005), alitegemea zaidi kumbukumbu za kesi zilizowapeleka watu 1,090 kitanzini. Anderson anatusikilizisha mshtakiwa aliyesimama mbele ya jaji. Elkins anatusikilizisha mfungwa ambaye hakufikishwa mbele ya jaji yeyote. Huo ni mchango mkubwa.

Hata hivyo, afikapo kwenye idadi ya waliopotea, Elkins anaacha masimulizi na kushika sensa za 1948 na 1962. Analinganisha ongezeko la Wagikuyu na lile la Wakamba, Waluo na Waluhya, kisha anakadiria kwamba Wagikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani waliko. John Blacker, mtaalamu wa takwimu za watu, aliupinga ukadiriaji huo mwaka 2007 na kutaja vifo vipatavyo 50,000. Mjadala uliofuata ulihusu ukubwa wa idadi. Ni wachache waliouliza Mkamba amewekwa wapi katika hesabu hiyo: yeye ni jiwe la mizani. Anapimia msiba wa mwenzake, naye hapimwi.

Msafiri atokaye Nairobi hupita Kiboko, katika Makueni, kabla ya Makindu na Mtito Andei. Mbele zaidi iko Manyani, mojawapo ya makambi makubwa ya wakati huo. Neno kiboko lenyewe humtaja mnyama na pia mjeledi, chombo mashuhuri cha adhabu ya kikoloni. Ardhi hii haikuwa kando ya mkasa. Myles Osborne, katika Ethnicity and Empire in Kenya (2014), anaonyesha jinsi serikali ilivyohofia Wakamba, waliokuwa wengi jeshini na katika polisi, wasijiunge na Mau Mau, na jinsi utiifu wao ulivyokuwa jambo la kujadiliwa na kulipiwa.

Ushahidi mzito zaidi umo mahakamani. Kesi iliyofunguliwa London mwaka 2009, ambayo Elkins aliisaidia kwa utaalamu wake, inaitwa kwa jina la Ndiku Mutua. Miongoni mwa wadai wenzake alikuwamo Paulo Nzili. Hayo ni majina ya Kikamba. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa wadai 5,228.

Pengine Wakamba waliofungwa hawakuwa wengi kiasi cha kubadili hesabu ya sensa. Lakini kosa linalojadiliwa hapa si la hesabu, bali la usawiri. Sheria ililitanguliza jina ambalo historia iliyotuzwa ililiacha pembeni. Watafiti wa masimulizi wana kazi Makueni na Kitui, na wazee wenye kumbukumbu hizo wanazidi kupungua.