Kabla Hujairudisha Dawa kwenye Chupa

Kama unasafisha filamu za nyeusi na nyeupe nyumbani, swali hili umeshakutana nalo: dawa niliyotumia leo niimwage, au niirudishe kwenye chupa? Dawa ni ghali, na wengi wetu hapa ni wanafunzi. Basi leo tuichambue kanuni ambayo wengi tunaifuata, ile iliyo kwenye karatasi ya maelekezo ya ID-11 ya Ilford.

ID-11 inafanana sana na D-76 ya Kodak, fomula ya tangu miaka ya 1920: metoli, haidrokwinoni, salfaiti na boraksi ndani ya maji. Karatasi inasema lita moja, bila kuongezewa maji, inasafisha filamu 10 za picha 36. Sharti ni kwamba kila filamu inayofuata iongezewe asilimia 10 ya muda wa kwanza. Chukua HP5 Plus kwenye nyuzi joto 20: filamu ya kwanza ni dakika 7 na nusu, ya pili ni dakika 8 na sekunde 15, na ya 10 inafika dakika 14 na sekunde 15.

Sayansi yake iko sawa. Kila filamu inakula sehemu ya metoli na haidrokwinoni, halafu inaacha bromaidi, ambayo inapunguza kasi ya dawa. Muda unaoongezwa unafidia hasara hiyo.

Tatizo ni kwamba jedwali linahesabu filamu, haliangalii kilichomo ndani yake. Filamu uliyopiga ufukweni saa sita mchana, mchanga mweupe na mawingu, inakula dawa nyingi kuliko filamu ya harusi ya usiku. Jedwali linazipa zote asilimia 10 ile ile. Na chupa nayo ina mambo yake. Karatasi yenyewe inasema dawa iliyojaa chupa na kufungwa vizuri hukaa miezi 6, ila chupa ikiwa nusu ni mwezi 1, kwa sababu oksijeni inaiharibu. Sasa wewe unayesafisha filamu moja kwa mwezi, hizo 10 utazimaliza lini?

Hebu tupige hesabu. Tanki dogo la filamu moja linataka kama mililita 300. Ukichanganya dawa nusu na maji nusu, ukatumia mara moja na kumwaga, unatumia mililita 150 za dawa. Lita moja inakupa filamu 6. Kwa hiyo kurudia dawa kunakuokolea filamu 4 tu, na kila moja ya zile 10 imesafishwa kwa dawa yenye nguvu tofauti. Mimi naona akiba hiyo hailipi.

Lakini kosa kubwa zaidi si la karatasi. Ni letu sisi tunaoambiana, "angalia rangi, dawa ikichafuka imekufa." Rangi inadanganya. Dawa ya kusafishia inaweza kubadilika rangi kwa sababu tu ya wino unaotoka kwenye filamu, na bado ikafanya kazi. Fiksa inaweza kuonekana safi kama maji ya kunywa, kumbe imechoka.

Hili nimelilipia. Mwaka 2019 nilipiga filamu moja ya bibi yangu akichambua mchele uani. Fiksa ilikuwa ya zamani, lakini ilikuwa safi kwa macho, nikaitumia. Negativu zilitoka nzuri kabisa. Mwaka jana nikazifungua nichape moja: madoa ya njano na kahawia yamepita usoni. Fedha ambayo fiksa ilishindwa kuiondoa ilibaki ndani ya filamu, na polepole ikageuka salfaidi ya fedha. Bibi hayupo tena, na picha hizo siwezi kuzirudia.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Dawa ya kusafishia ikichoka, utajua siku hiyo hiyo: negativu inatoka hafifu. Fiksa ikichoka inaweza kukuficha miaka.

Cha ajabu ni kwamba fiksa ndiyo inayofaa kurudiwa, kwa sababu kuipima ni rahisi. Fiksa ikiwa mpya, tumbukiza kipande cha mwanzo wa filamu, kile usichopigia picha, uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu. Andika namba hiyo kwenye chupa. Rudia kipimo kila kabla ya kazi. Muda ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, yaani kama zilikuwa sekunde 30 sasa ni 60, fiksa hiyo basi. Usiimwage mtaroni, maana imebeba fedha iliyoyeyuka, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Iweke kwenye dumu lenye maandishi, mbali na watoto.

Kwa hiyo dawa ya kusafishia itumie mara moja, kwa maji nusu. Fiksa irudie, lakini kwa saa mkononi, si kwa macho.