Lengalenga ni ya wote, maji ni ya nani?

Wandugu, shamba letu la pamoja hapa Bukavu tunalisifu sana, na mimi pia nalipenda. Lakini ile namna ya kugawa mavuno haiko sawa. Jumamosi tunafika batu wengi, tunalima saa mbili, tunapiga picha, kisha kila mtu anabeba fungu lake, yote sawasawa. Eti njo usawa!

Lengalenga unaanza kuikata wiki tatu ao ine baada ya kupanda. Mwezi wa saba, mvua hakuna, ikikosa maji inakauka yote. Sasa kati ya Jumamosi na Jumamosi, nani anapandisha maji kutoka bondeni? Bamama wawili wa jirani, kila asubui, ndoo kichwani. Nao banapata fungu moja, kama yule aliyekuja na simu yake tu.

Salongo ya Mobutu ilikuwa ya lazima; yetu tunaiita ya kujitolea. Kwa hao bamama wawili, tofauti iko wapi?

Najua wengine watasema kazi ya kujitolea haihesabiwe. Sawa, basi tusihesabu hata mafungu. Mimi nimenunua daftari: anayemwagilia anaandikwa, na mavuno tugawe kwa kulifuata. Jumatano nimejiandika mimi. Siku zingine ziko wazi.