Injini ya Trekta Kuukuu: Ifufuliwe au Ing'olewe?
Massey Ferguson 135 ilianza kutengenezwa miaka ya 1960, na mpaka leo utaikuta ikilima. Ndani yake mara nyingi mna injini ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5 hivi, isiyo na kompyuta wala sensa. Injini ya namna hii uzee peke yake hauiui. Huuawa na vumbi, na joto, au na kukosa oili, na fundi mzuri utamtambua kwa kuwa anataka kwanza kujua kilichoiua. Mpira unaotoka kwenye chujio la hewa ukiwa na ufa, hata ufunge ringi mpya, vumbi litazila tena. Fundi anayeanza kwa kukutajia bei ya ringi kabla ya kugusa mpira huo, usimwachie trekta.

Moshi huwatisha wengi bure. Mweusi mara nyingi ni chujio lililoziba au nozeli zilizochoka, na hayo hayahitaji kushusha injini. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Mimi naiamini zaidi geji ya oili, ila isomwe kwa wakati wake. Kama trekta bado si yako, fika asubuhi mapema, shika bomba la ekzosi uhakikishe ni la baridi. Aliyeipasha moto kabla hujafika huenda anakuficha inavyosumbua kuwaka. Kisha ilime saa nzima. Injini ikiwa baridi, oili bado ni nzito na presha huonekana nzuri hata kama beringi zimeliwa. Ikishapata moto, kwenye mwendo wa kazi, nataka kuona psi 30 kwenda juu. Halafu fungua kifuniko cha kumiminia oili. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini hewa ikikupiga mkononi kwa kishindo, ringi na silinda zimekwisha.

Hata hivyo, hizo zimekwisha tu. Injini bado ipo. Silivu, pistoni na ringi huuzwa dukani. Wenye neno la mwisho ni krenki na bloku. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikishashushwa, mwambie fundi atoe beringi moja ya konrodi, aifute, aigeuze mgongo. Pakiwa pameandikwa STD, krenki haijawahi kuchongwa. 010 maana yake imepunguzwa inchi 0.010; 020, mara mbili ya hapo. Ukikuta 030 umefika mwisho wa saizi za kawaida, na krenki hiyo ikiwa imeliwa tena, itabidi utafute nyingine. Maandishi hayo madogo yatakuambia mengi kuliko maelezo ya mwenye trekta, na maikromita imalizie kazi. Bloku nayo isafishwe vizuri, itazamwe kati ya silinda na kuzunguka mashimo ya stadi za silinda hedi. Bloku ikiwa nzima, mimi nafufua injini bila kusita. Ikiwa na ufa hapo, sipotezi hela ya silivu. Natafuta injini nyingine.

Jambo moja ulipime siku ileile ya kulima, kabla injini haijafunguliwa: nyanyua plau, zima injini, uone plau inavyoshuka. Ikidondoka papo hapo, na gia nazo zinachomoka, hela ya injini nyingine haitarudi.

Kwenye kununua ndipo watu huumia. Trekta hizi hazina chesisi: bloku na sampu yake nene ya chuma ndivyo vinavyoshika ekseli ya mbele. Perkins ya jenereta inaweza kuwa ya ukoo uleule, lakini mara nyingi sampu yake ni ya bati, na bati halibebi mbele ya trekta. Uliza kwanza kama sampu yako itakaa kwenye bloku hiyo, na kama flaiwili itapatana na krachi uliyonayo. Injini ya mtumba ipimwe kama ile uliyoishusha, kuanzia mgongo wa beringi. Muuzaji akikataa sampu ifunguliwe mbele yako, rudi na hela zako.