Sumaku, Fila na Kipande cha Mpira

Januari 2020, Datsun 240Z ya mwaka 1971 ilinadiwa mtandaoni nchini Marekani ikafika dola 310,000. Mwezi huohuo, mnadani Japani, Fairlady Z432R, ndugu yake adimu aliyeundwa kwa ajili ya mashindano, ilivuka yen milioni 88. 240Z ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake dukani ilikuwa dola 3,526. Tangu habari za minada hiyo zienee, kila mwenye Z iliyolala uani chini ya turubai anajiona tajiri, na wengi wao wanajidanganya. Z mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kupishana bei mara kumi, na kinachozitofautisha hakionekani mtu akiwa amesimama. Lazima upige magoti, na ikibidi ulale chali.

Mnunuzi anayeijua kazi huja na sumaku ndogo, ameivisha kitambaa isikwaruze rangi. Anaipitisha taratibu chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, pembeni mwa taa. Penye bati sumaku inavuta. Penye puti inateleza tu. Kisha anafungua boneti kuangalia kitako cha betri. Asidi iliyovuja kwa miaka hula kwanza kitako chenyewe, halafu hushuka kuutafuna ukuta unaotenganisha injini na abiria. Anainua kapeti. Anaingiza mkono ndani ya fenda ya mbele, nyuma ya gurudumu, mahali tope linapojikusanya na kutunza unyevu hadi bati linaoza kutokea ndani. Mwisho ndipo anaingia uvunguni kuzitazama reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu. Reli hizo ni tupu ndani, na maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Ukizigonga kwa mpini wa bisibisi, iliyo nzima hulia. Iliyooza hujibu kwa sauti butu.

Tusiwalaumu sana walioliunda gari hili. Lilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, umbo lake likiwa kazi ya timu ya Yoshihiko Matsuo. Aliyelipigania soko alikuwa Yutaka Katayama, mkuu wa Datsun nchini Marekani, ambaye hakutaka hata kulisikia jina la Fairlady kwenye gari la mbio. Huko likauzwa kama 240Z. Lilikusudiwa kuwa gari la kasi ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua, kwa hiyo bati lake ni jembamba na kinga yake dhidi ya kutu ni ndogo. Nani mwaka 1969 aliwaza kwamba mtu angekuja kulipapasa kwa sumaku nusu karne baadaye?

Kwa fundi bodi, gari hili ni mtihani. Halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu, reli na kuta ndizo zinazobebana. Ukikata sakafu yote kwa mkupuo mmoja, mwili unalegea na milango haitafunga tena sawasawa. Kwa hiyo fundi mzuri huanza kwa kusimika vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kisha anakata upande mmoja tu, tena kipande kwa kipande, mpaka afike kwenye chuma kinachong'aa. Anatengeneza kielelezo cha boksi la karatasi, anakilaza juu ya bati jipya, anachora, anakata, anakunja, anajaribu, anapunguza kidogo, anajaribu tena. Wakati wa kuchomelea haendi mstari mzima. Anatia nukta moja hapa, nyingine mbali kule, anasubiri bati lipoe, kwa sababu moto mwingi hulipinda na bati lililopinda halisahau. Kila baada ya hatua chache anafunga mlango na kutazama mwanya wake juu na chini. Akimaliza anasaga, anapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ndani ya reli anapuliza nta ambayo hakuna atakayeiona.

Kazi hiyo huchukua miezi, na karibu yote hufunikwa na kapeti. Mteja analipia rangi kwa sababu ndiyo anayoiona. Mimi nikipewa kuchagua kati ya Z iliyopauka yenye sakafu ya kweli na nyingine inayong'aa huku sumaku ikiteleza, sitafikiri mara mbili.

Na anayedhani kwamba ukarabati wa namna hiyo ni biashara, aitazame Nissan yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, tawi lake la Marekani lilianza kununua 240Z zilizochakaa, kuzifanya upya na kuziuza kwa mawakala wake kwa dola 24,950. Yalikamilika magari machache tu, mpango ukafa. Gharama ya kuifanya kazi hiyo kwa uaminifu ilikuwa kubwa kuliko bei ambayo wateja walikuwa tayari kulipa wakati huo. Kama aliyeliunda gari, mwenye jina na spea, hakuona faida, mtu binafsi mwenye gereji moja afanye hesabu zake kwa kalamu ya risasi. Bei zimepanda tangu hapo, lakini zimepanda zaidi kwa magari ambayo hayakuwahi kuhitaji kukatwa. Namba ya injini inayolingana na kibao cha kiwandani, dashibodi ya kwanza isiyopasuka juani, bampa zilezile: hivyo ndivyo vinavyolipiwa. Kupasuka kwa dashibodi ni jambo la kawaida mno kwa gari hili hata dashibodi nzima hutiliwa shaka kidogo.

Injini ni habari njema zaidi. L24 ina bloku ya chuma cha kutupwa na hedi ya alumini, silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Inavumilia kazi, haivumilii kupuuzwa. Vali zake 12 hazijirekebishi zenyewe. Nafasi kati ya kamshafti na roka hupimwa kwa fila, kijibati chembamba cha kupimia, injini ikiwa na moto: milimita 0.25 kwa vali za kuingiza hewa, 0.30 kwa vali za kutoa moshi. Unahitaji spana mbili, ya 17 kwa nati ya kufungia na ya 14 kwa kitako ambacho roka inakalia. Fila inatakiwa ipite kwa mvuto mdogo, isikwame, isicheze. Tatizo ni kwamba ukiikaza nati, nafasi inasogea tena. Unalegeza, unaikadiria safari hii ikiwa pana kidogo, unakaza, unapima. Unafanya hivyo mara 12, mikono ikiungua, huku injini ikizidi kupoa na vipimo vyako kubadilika.

Fundi asiyeizoea L24 huisikia ikipiga tiki-tiki akadhani ni ugonjwa, akazibana vali hadi kelele ikaisha. Ameiua. Vali ya kutoa moshi hupozwa kwa kugusa kiti chake kila inapofunga. Ikibanwa mno haifungi kabisa, joto halina pa kwenda, na baada ya muda ukingo wake unaungua. L24 iliyosetiwa vizuri husikika. Mimi huiogopa ile iliyo kimya.

Umeme nitaupita haraka, maana dawa yake ni moja. Mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi iliyo karibu na usukani na kwenye boksi la fyuzi ambalo miaka imelidhoofisha. Linapata moto, plastiki inayeyuka. Funga rilei, usafishe viunganishi vya ati, ulale usingizi.

Ndipo tunafika kwenye kabureta, na hapa ndipo naliheshimu gari hili na watu wanaolijua. Zipo mbili, zilizoundwa na Hitachi kwa mfumo wa SU wa Waingereza. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata hewa inayovutwa na injini. Chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, imezama katika tundu la jeti. Hewa ikiongezeka pistoni inapanda, sindano inachomoka, tundu linapanuka, petroli inazidi kwa kadiri ileile. Hakuna kompyuta wala waya. Ni chuma kinachopima pumzi. Juu ya pistoni kuna kichupa cha oili nyepesi kinachoizuia isiruke ghafla unapokanyaga. Oili hiyo ikikauka gari linakohoa kila unapoongeza moto, na mwenye gari ananunua plagi mpya, waya mpya na pampu mpya, wakati dawa ilikuwa matone machache.

Mwaka 1973 Marekani ilipokaza masharti ya moshi, Datsun ilileta kabureta nyingine zenye vichwa bapa. Zilichemsha petroli kwenye foleni na kuzima gari mahali pa aibu. Wamiliki waling'oa na kurudisha zile za mviringo kutoka kwenye magari yaliyogongwa. Sijasikia mtu akizililia.

Kuzisawazisha kabureta mbili ni kazi ya sikio. Vali ziwe zimesetiwa kwanza na moto wa plagi uwe sahihi, la sivyo utakuwa unaficha kosa moja kwa jingine. Injini ipate joto. Fundi anatoa kava la chujio la hewa, analegeza fimbo inayoziunganisha kabureta, kisha anachukua kipande cha mpira wa petroli. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Ikiwa kwenye sailensa, hewa inayoingia hutoa mfoko mwembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Anausikiliza, anahamia ya nyuma, anausikiliza wa huko. Kabureta yenye sauti kubwa inavuta zaidi. Anazungusha skrubu yake chini ya robo, anarudi mbele, anarudi nyuma. Vipo vipimo vya dukani vyenye mshale wa kuonyesha mvuto wa hewa, na si vibaya. Lakini sikio lililozoea huitambua tofauti ambayo mshale hauioneshi, na kipande cha mpira hakihitaji kununuliwa.

Baada ya hewa, petroli. Chini ya kila kabureta kuna nati inayoinua au kushusha jeti. Mwanzo wake ni kuikaza juu hadi mwisho kisha kuirudisha mizunguko miwili na nusu. Kutoka hapo fundi anainua pistoni kiasi cha milimita moja kwa pini ndogo iliyo pembeni, na kungoja injini iseme. Ikiongeza kasi na kubaki huko, petroli imezidi. Ikilegea na kutaka kuzima, petroli haitoshi. Ikiinuka kidogo tu kisha ikatulia, hapo hapo. Halafu kabureta ya pili. Halafu ya kwanza tena, kwa kuwa kila moja inamwambukiza mwenzake. Fundi mwenye haraka huishia kuongeza petroli hadi gari liache kulalamika, na plagi zinatoka nyeusi mwezi unaofuata.

Afrika Mashariki tunaijua Z kwa njia ya tope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na 240Z, na nyingine ya Shekhar Mehta na Mike Doughty ikawafuata katika nafasi ya pili. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews katika 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Safari Classic ilipoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya zamani, mshindi wa kwanza alikuwa Rob Collinge na 260Z, mdogo wa 240Z. Kwa hiyo Z ya Nairobi si mgeni aliyeletwa na mitindo ya minada.

Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyosawazishwa huko ikishuka Mombasa hukutana na hewa nzito kuliko ile iliyopimiwa, na petroli inakuwa pungufu kwa hewa hiyo: gari linakwenda, ila linapata joto na kusitasita unapolikanyaga. Mwenye Z anayelijua gari lake hubeba spana ndogo. Akifika pwani anafungua boneti asubuhi na kuzishusha jeti zote mbili kidogo, sawasawa. Siku ya kurudi anaanza safari nazo hivyohivyo, kwa kuwa kupanda na petroli iliyozidi kidogo hakuunguzi kitu, na akishafika Nairobi, injini ikiwa bado na moto, anazipandisha.