Mbwa Asiye na Jina

Miongoni mwa vitu vya kustaajabisha ambavyo simu imetuletea, kimoja ni programu itazamayo picha ya mbwa ikataja aina yake. Kazi hii yastahili sifa. Lakini yastahili pia kupimwa, nasi tutaipima papa hapa, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

Kwanza tuitendee haki. Programu haikuzaliwa na ujuzi. Hufunzwa kwa kuonyeshwa mifano mingi. Mkusanyo mmoja mashuhuri wa mifano hiyo ulitolewa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011: una picha 20,580 za mbwa wa aina 120. Mashine iliyofunzwa kwa picha hizo hupambanua mbwa ambao wengi wetu hatujapata kuwaona kwa macho.

Lakini twaa picha ya mbwa wa kienyeji, mwekundu, mwenye masikio wima, alindaye boma na ng'ombe kule Bomet. Katika aina zile 120 yeye hamo. Aghalabu programu za namna hii hazikufundishwa kusema "sijui". Hulinganisha majina ziliyo nayo, zikatangaza lile lililo karibu zaidi. Basi huenda mlinzi wetu akaitwa Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo aliyeanza kufugwa kwa utaratibu Uingereza katika miaka ya 1930. Au akaitwa dingo wa Australia.

Kosa liko wapi? Mkulima wa chai aweza kutufafanulia. Miche iliyopandwa kwa vipandikizi vya mche mmoja hufanana na mama yao, hivyo jina moja latosha kuieleza yote. Miche iliyooteshwa kwa mbegu sivyo: kila mmoja una tabia yake, ingawa yote ni chai. Mbwa wenye majina wamekaribia hali ya vipandikizi, kwa kuwa binadamu huwachagulia wenzi kizazi baada ya kizazi. Mbwa wa kijijini ni mfano wa miche ya mbegu. Kuiuliza mashine aina yake ni kutaka neno moja pasipo na neno moja.

Msidhani kuwa huu ni mzaha. Jina huleta bei na heshima. Asiye nalo huitwa koko, na koko hupigwa mawe hata akiwa mlinzi hodari. Muuzaji mjanja naye aweza kumpandishia mnunuzi bei kwa ushahidi wa simu tu. Tena mashine za jinsi hiyo hiyo hutumiwa kutambua magonjwa ya mimea kwa picha za majani. Huko jibu la kubahatisha laweza kumpotezea mkulima mavuno.

Itumieni basi programu, na mstaajabie uhodari wake. Lakini kabla ya kuliamini jibu, ulizeni: mashine hii ilionyeshwa picha za nani, na za kwetu zilikuwamo?