Tai ya Dubu Yogi

Dubu Yogi hana shati, hana suruali wala viatu. Ana kofia ya kijani, ukosi mweupe na tai, basi. Mtoto haulizi kwa nini mnyama wa porini avae tai, na mtu mzima akijiuliza ataona ni kichekesho tu. Kichekesho kipo, lakini ukosi ule una kazi nyingine: unaficha mahali ambapo kichwa kimetenganishwa na mwili.

Kabla ya kompyuta kuingia kazini, katuni ilichorwa kwa penseli kwenye karatasi, kisha mistari ikanakiliwa kwa wino kwenye plastiki nyembamba inayopitisha mwanga. Plastiki hiyo iligeuzwa ikapakwa rangi upande wa nyuma, ili brashi isiguse wino. Plastiki zikishakauka, zilipangwa moja juu ya nyingine mbele ya picha ya msitu au ya sebule, kamera ikapiga. Kisha ikabadilishwa moja, kamera ikapiga tena. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24. Sasa fikiria Yogi amesimama anaongea. Ukimchora mzima, kila neno linadai dubu mpya kuanzia masikio hadi nyayo. Ukiweka mwili kwenye plastiki yake na kichwa kwenye yake, mwili unabaki pale pale muda wote wa mazungumzo, na mchoraji anahangaika na kichwa peke yake. Pengine na mdomo tu.

Shida ni shingo. Plastiki ile, hata ikionekana safi namna gani, hupunguza rangi kidogo. Kahawia iliyofunikwa na tabaka tatu haifanani kabisa na kahawia ile ile iliyo juu. Kichwa na mwili vikikutana hivi hivi, macho yataona mpaka. Kwa hiyo pale mpakani pakawekwa ukosi, kama fundi cherehani anavyopeleka mshono mbaya mahali ambapo hautaonekana. Mtazame mbwa Huckleberry na tai yake ya kipepeo, Fred Flintstone, yule mtu wa zama za mawe, na tai yake iliyochanika chanika, Scooby-Doo na mkanda wake wa shingoni. Karibu wahusika wote wa studio ya Hanna-Barbera wamefungwa kitu shingoni.

William Hanna na Joseph Barbera hawakuanza hivyo. Kuanzia mwaka 1940, wakiwa katika studio ya MGM, walitengeneza Tom na Jerry kwa ajili ya majumba ya sinema, na filamu zile fupi zilitwaa Oscar saba. Tom akikimbia, mwili wake wote unakimbia: mgongo unavutika, mkia unachelewa, manyoya ya shavuni yanafuata baadaye. Kila kitu kimechorwa, na kila mchoro umelipiwa. Mwaka 1957 MGM ikafunga kitengo chake cha katuni. Mabwana wale wawili wakafungua studio yao mwaka huo huo na kugeukia televisheni, ambako kipindi chao cha kwanza, The Ruff and Reddy Show, kililipiwa takriban dola 3,000 kwa kila sehemu ya dakika tano hivi. Kwa pesa hiyo Tom asingemaliza hata kuvuka jikoni.

Wapo waliosema hapo ndipo sanaa ilipokufa. Sikubaliani nao. Ninachokiona mimi ni watu waliojua kusogeza kila kitu, wakalazimika kujifunza kazi ngumu zaidi: kuamua nini kisisogee. Fundi asiyejua mwendo kamili hawezi kuupunguza bila kuuharibu. Hawa waliujua kwa miaka 17, ndiyo maana walijua ni michoro gani minne inayotosha kumfanya mtazamaji aamini kwamba kuna mtu anakimbia.

Keti siku moja umtazame Fred akikimbizana nyumbani kwake. Anapita dirisha, taa, kiti. Dirisha, taa, kiti. Sebule ya mawe yenye urefu wa barabara! Mandhari ile ni picha moja ndefu ambayo mwanzo na mwisho wake vimechorwa vikaafikiana, na inavutwa chini ya kamera huku miguu ya Fred ikizunguka papo hapo. Watoto wa nchi nyingi wameicheka sebule ile, na kicheko hicho hakikuipunguzia hadhi. Mtazamaji anaujua ujanja, anausamehe, anaendelea kufuatilia kisa. Studio ilikwishapiga hesabu ya msamaha huo.

Pale ambapo penseli ilipunguziwa kazi, sikio liliongezewa. Miguu ya Fred inapochapa chini kabla hajachomoka, unasikia ngoma ndogo zinazopigwa kwa viganja. Gari likienda kugonga, haligongi mbele ya macho yako: linatoka nje ya picha, unasikia kishindo, picha inatikisika kidogo, kisha tunaletewa majivu na mtu aliyevimba kichwa. Mgongano wenyewe ungehitaji michoro mingi. Kishindo kilikuwa kwenye kabati la sauti tangu zamani. Chuck Jones, bingwa wa Bugs Bunny, alizibeza katuni za namna hii akiziita redio yenye michoro. Mimi nayachukua maneno hayo kama sifa, kwa sababu kuandika redio nzuri si mchezo.

Nayo redio hiyo ilikuwa na sauti. Daws Butler alimwigiza Yogi, na alimwigiza pia Huckleberry, yule mbwa wa buluu aliyeanza kuonekana mwaka 1958 akiongea kwa lafudhi ya polepole ya kusini mwa Marekani. Upole ule ni ubunifu wa hali ya juu. Mbwa anayevuta maneno, asiyestushwa na lolote, ana haki ya kusimama wima bila kutikisika. Tabia yake ndiyo inayomruhusu mchoraji asimchore. Nyumba ikimwangukia, Huckleberry anageuza macho kwa mtazamaji na kutoa maoni yake taratibu. Bajeti na tabia vimeshonana mpaka huwezi kusema kipi kilitangulia. Kipindi chake ndicho cha kwanza cha katuni kushinda tuzo ya Emmy.

Sauti zilirekodiwa kwanza. Mhariri alisikiliza na kuandika kila silabi imeanguka kwenye fremu ya ngapi, juu ya karatasi ndefu yenye mistari, kila mstari fremu moja. Mchoraji alikuwa na midomo michache tu iliyokwisha kuchorwa: mmoja umefungwa, mmoja umeachama, mmoja wa duara, mmoja wenye meno yaliyokutana, na mingine kidogo. Kazi yake ikawa kupanga. Fremu hizi mbili mdomo wa duara, hizi tatu uliofungwa. Halafu, katikati ya maneno, kope zifumbe na kufumbua. Kupepesa huku ni kitu kidogo ambacho watu hawakitaji, lakini mchoro uliosimama kwa muda mrefu huanza kuonekana umekufa, na michoro mitatu ya macho inatosha kuufufua.

Ubahili wa kweli, ule usiopendeza, nao upo. Mwaka 1959 kulikuwa na mfululizo ulioitwa Clutch Cargo, ambao watengenezaji wake waliona hata kuchora midomo ni gharama. Wakapiga filamu midomo ya watu halisi ikiongea, wakaibandika kwenye nyuso za kuchora zisizosogea. Ukiitazama leo usiku peke yako utawasha taa. He-Man wa studio ya Filmation, mwaka 1983, alikuwa na nafuu, ila mwendo ule ule, ngumi ile ile na pigo lile lile la upanga vilirudishwa wiki nenda wiki rudi mpaka vikachosha. Hapo nasema walizidisha, ingawa nawapa heshima kwamba studio ile iliendelea kuwapa kazi wachoraji wa kwao wakati nyingine zilikuwa zinapeleka michoro Taiwan na Korea.

Upande wa Japani, mchora katuni Osamu Tezuka alikutana na hesabu ile ile Januari mwaka 1963, alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu, mvulana roboti, kila wiki kwenye Fuji TV. Yeye alikwenda mbali zaidi: mchoro mmoja kwa kila fremu tatu, yaani michoro minane kwa sekunde, na wakati mwingine hata minane haikufika. Michoro iliyokwisha kutumika iliwekwa akiba ili irudi katika vipindi vingine. Kamera iliteleza polepole juu ya picha moja tuli. Wajapani waliomfuata waliugeuza utulivu huo kuwa lugha: shujaa anaganda, mistari ya kasi inapita nyuma yake, upepo unacheza na nywele tu, na moyo wa mtazamaji unadunda kuliko kama shujaa angekuwa anarukaruka.

Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, Jumamosi asubuhi ikawa ya watoto. Mitandao mikubwa ya televisheni ilipanga katuni mfululizo, saa baada ya saa, huku matangazo ya nafaka za sukari yakipenya katikati, na studio zikawa zinatakiwa kujaza ratiba hiyo kila msimu. Scooby-Doo alizaliwa humo, kwenye mtandao wa CBS, Septemba mwaka 1969. Aliyemchora, Iwao Takamoto, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Japani ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifungwa na familia yake katika kambi ya Manzanar, na huko huko akaanza kufundishwa kuchora na wafungwa wenzake. Alipopewa kazi ya Scooby, alimuuliza mfugaji sifa za mbwa bora wa aina ya Great Dane, kisha akachora kinyume chake: mgongo ulioinama, miguu iliyopinda, kidevu kilichozidi. Mbwa aliyekamilika asingechekesha akisimama. Huyu anachekesha hata akiwa amekaa kimya, na mbwa wa kukaa kimya ndiye ambaye studio ilimhitaji.

Nisingependa ionekane kwamba ubahili ulizaa vichekesho tu. Mwaka 1992, katika Batman: The Animated Series, Eric Radomski aliamua mandhari zichorwe kwenye karatasi nyeusi. Kwa kawaida mchoraji huanza na weupe, akaongeza giza mpaka ifike jioni. Huyu alianza na usiku, akaweka mwanga pale tu ulipohitajika: ukingo wa jengo, taa ya barabarani, kioo kimoja cha dirisha. Sehemu kubwa ya picha haikuguswa kabisa na brashi, na mji wa Gotham haujawahi kutisha namna ile. Mwenzake, Bruce Timm, naye aliwanyoosha wahusika wakawa na mistari michache, kidevu kama tofali, mabega mapana, nguo isiyo na makunyanzi, maana kila kunyanzi moja kwenye vazi la Batman lingechorwa upya mara maelfu na watu waliokuwa ng'ambo. Pesa iliyookolewa huku ilitumika kule. Kuna sehemu ya pili ya kisa cha Clayface, iliyohuishwa na studio ya TMS ya Japani, ambamo mtu yule wa udongo anashindwa kuzuia sura yake mbele ya skrini zinazoonyesha nyuso zote alizowahi kuigiza. Nyuso zinamtoka moja ndani ya nyingine, udongo unachuruzika, na hakuna fremu iliyolala. Inakushtua kwa sababu dakika zilizotangulia zilikuwa tulivu.

Nairobi, mwaka 2010, mambo haya yalipata mwenyeji wa kwao. Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya dakika kumi na moja hivi, vilitengenezwa katika studio ya Homeboyz kwa kushirikiana na Tiger Aspect ya Uingereza, kwa mtindo wa michoro aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam, yeye aliyefariki mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao. Mtindo huo hauna kina: mnyama kasimama ubavu, rangi zinang'aa, madoa kila mahali. Na madoa ndiyo mtihani. Ukimchora chui upya kwa kila fremu, huwezi kurudisha kila doa mahali pake, na ngozi nzima itakuwa inachemka mbele ya mtoto. Kwa hiyo chui alikatwa vipande ndani ya kompyuta, mguu, paja, mkia, taya, na kila kipande kikasafiri na madoa yake. Maungio yalipotea ndani ya rangi na madoa. Chui hakuhitaji tai. Kwa mwendo kamili wa Tom na Jerry mtindo ule ungevurugika. Kwa mwendo wa kupunguzwa ukakaa kama uliumbiwa huko.

Dar es Salaam nayo ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa nyimbo, na watazamaji walijibu maswali kwa ujumbe wa simu. Mhusika akiuliza swali anatakiwa kungoja, na kungoja ni kitu ambacho katuni ya namna hii inakiweza vizuri kuliko zote: simama, pepesa macho, mpe mtoto nafasi ya kuhesabu. Midomo ndiyo inayoniburudisha zaidi. Kiswahili kinaachama karibu kila silabi, kwa hiyo midomo michache ya kupanga inakifaa kuliko Kiingereza chenye konsonanti zilizorundikana. Lakini kuna herufi zisizosameheka, nazo ni m, b na p. Mhusika akitamka "mama" midomo haijakutana, hata wa miaka mitatu aliyekaa mkekani atamkodolea macho.