"Kulenga" na "Kupeleka": Kasoro Moja katika Istilahi za Elimu ya Seli

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa elimu ya viumbe ni kitenzi "kulenga". Katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza, neno moja hutumika kwa mambo mawili: dawa inayokusudiwa kutenda juu ya kipokezi fulani, na seli inayokipeleka kipokezi mahali pake pa kazi. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huandika "kulenga" kwa yote mawili. Kwa maoni yetu, tafsiri hiyo yafaa kwa jambo la kwanza, nayo ni potofu kwa la pili.

Katika Kiswahili, kinacholengwa ndicho shabaha. Hivyo "dawa inalenga kipokezi" ni sentensi isiyo na taabu. Lakini mwanafunzi asomaye kwamba "kipokezi kimelengwa kwenye utando" atadhani kuwa kipokezi kimeshambuliwa kikiwa hapo, ilhali mwandishi alikusudia kusema kwamba kimesafirishwa hadi hapo.

Tuchukue mfano wa kipokezi cha kolesteroli walichokichunguza Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kipokezi hiki hutengenezwa ndani ya seli na kupelekwa kwenye utando wa nje. Huko hunasa chembe ya mafuta, hukusanyika pamoja na vingine katika vishimo vya utando, huzama ndani, hutua mzigo na kurejea juu. Mzunguko huo huchukua kama dakika 10. Kiongozi cha kuingia vishimoni kimo katika mkia wa kipokezi, wenye asidi amino 50, uliomo ndani ya seli. Mwaka 1986 ilidhihirishwa kwamba kwa mgonjwa mmoja asidi amino moja tu ya mkia huo, ya nafasi ya 807, ilikuwa imebadilika. Kipokezi kilifika kwenye utando na kunasa mzigo, lakini hakikukusanyika vishimoni. Kolesteroli ikazidi katika damu.

Mwalimu atauelezaje ugonjwa huu kwa "kulenga"? Kilichoharibika ni anwani. Kwa hiyo tunapendekeza "kupeleka" na "upelekaji" kwa kazi ya seli, "anwani" kwa sehemu ya protini inayoonyesha mahali pa kwenda, na "kulenga" kubaki kwa dawa.

Huenda ikasemwa kwamba "kupeleka" na "anwani" ni maneno ya kila siku, yasiyo na hadhi ya kitaalamu. Hatukubaliani. Istilahi hupata hadhi kwa kutenganisha dhana zilizo tofauti, na kitabu kisichotenganisha kipokezi kinachopelekwa na kipokezi kinacholengwa hakitamfaa muuguzi wala tabibu wa kesho. Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani kabla hayajapendekezwa kusanifishwa.